Haraka Yangu na Sauti ya Mama Kavira

Nilijisifu sana, wandugu. Programu yetu ya simu, ya masomo ya misa kwa lugha ya Kinande, kompyuta ilikuwa ikichukua nusu saa kuijenga upya, hata nikigusa mstari mmoja tu wa maandishi yake. Nikageuza faili za kuijengea, zile zinazoiambia kompyuta vipande gani iviunganishe, ziwe za mtindo mpya, kazi ikamalizika kwa dakika moja. Ofisini kwetu, mtaani Ndosho, walinipigia makofi, nami mjinga nikayapokea.

Siku ya kumaliza kilio cha marehemu Mama Kavira, ambaye ndiye tuliyemrekodi sauti akisoma masomo yote, nikamuwekea mume wake, Papa Muhindo, programu mpya kwenye simu, mahali pa ile ya zamani. Akabonyeza. Akasubiri. Akaibandika simu sikioni. Ndipo nikaelewa: kazi ilikimbia kwa sababu faili zangu mpya ziliacha sauti zote nyuma.

"Mutoto wangu," akaniuliza mbele ya watu, "asubuhi alikuwa ananisomea. Sasa umemupeleka wapi?"