Ruhusa ya Mjomba

Jamani, leo nimeulizwa swali nikakosa jibu!

Kwetu Waluguru, huendi safari kubwa bila mjomba kuridhia. Basi nikapanda hadi shambani kwake huku Uluguru, nikamkuta anapalilia njegere.

"Shikamoo, mjomba. Nataka kwenda kupanda Kilimanjaro."

"Marahaba. Kule kileleni wanalima nini?"

"Hawalimi kitu. Ni mawe na barafu tu."

"Sasa unafuata nini?"

Nyie mngemjibu nini?

Akaweka jembe chini, akaingia ndani. Nikajua safari ndiyo basi tena.

Akatoka na koti lake la Ijumaa.

"Vaa, kuna baridi. Nasikia mlima ule ulitapika moto zamani. Uangalie udongo wake, uje uniambie."

Linanibana mabegani. Nitapanda nalo hivyo hivyo.