Kwetu Haupo

Naikumbuka Jumatano moja ya Februari, mwanangu Zuhura, theluji imefika magotini, nami nina miaka thelathini na minne na kichwa kigumu kama chako. Wewe ulikuwa hujazaliwa. Tuliishi mtaa wa Husby, huku kwa Waswidi, baba yako akiendesha basi, mimi nikihudumia wazee majumbani mwao.

Siku hizo barua zote za Kiswidi tulisomewa na dada yako Mwanaidi, mtoto wa miaka tisa. Kusema tulijitahidi, kusoma kulitushinda. Ya umeme, ya shule, ya nyumba, zote alitufafanulia yeye, tena kwa madaha, utadhani karani wa wilaya. Lakini ziko barua ambazo sikumpa. Wenzangu kazini walishaniambia kwamba wanawake huitwa kupimwa saratani ya mlango wa kizazi, na bahasha za zahanati nilizijua. Nimpe mtoto asome habari za utupu wa mama yake? Astaghfirullahi! Ya kwanza niliitupa. Ya pili ilikuwa nyeupe upande wa nyuma, nikaandikia orodha ya vitu vya kumnunulia Mama Ester.

Mama Ester alikuwa bibi wa Kiyahudi niliyempikia na kumfulia. Waswidi huitana kwa majina matupu, hata mkubwa na mdogo, ila ulimi wangu ulikataa kumwita hivyo mtu wa rika la bibi yangu. Yeye alilipenda hilo "Mama". Siku hiyo akaichukua orodha aone kama nimekumbuka viazi, kisha akaigeuza.

"Wanakuita mara ya pili," akasema. "Umekwenda?"

Nikacheka, cheko la aibu. "Mama, ugonjwa huo si wa watu kama mimi. Nina mume wangu, nimetulia. Kwetu haupo."

Akaiweka karatasi mezani polepole. Nilidhani atanigombeza, kumbe anavuta kiti akae.

"Sisi tulisema hivyo kabla yenu. Tangu enzi za mama zetu ilijulikana kwamba wanawake wa Kiyahudi hawaugui saratani hiyo. Hata madaktari walisema, na hawakusema uongo, ilikuwa nadra kweli. Kisha maisha yakabadilika. Akaugua mmoja, akaugua mwingine, wakazidi, na sisi bado tunaimba kwetu haupo. Mdogo wangu Lea alitupa barua tatu. Ya tatu aliitupa mbele yangu, tukacheka pamoja. Nimemzika ana miaka arobaini na mmoja."

Nililia pale jikoni na glavu za kuoshea vyombo mkononi. Mama Ester hakungoja nikubali, akapiga simu zahanati mwenyewe, na siku ilipofika akanisindikiza kwa mkongojo wake katika utelezi ule, mtu ambaye hata ngazi za kwake alishuka kwa kushikwa.

Mkunga, maana huku wakunga ndio wapimaji, alinipima kwa upole. Baada ya wiki chache nikaambiwa kuna chembe za mwili zilizoanza kubadilika. Haikuwa saratani bado, lakini njia yake ilikuwa hiyo. Wakaziondoa, nikarudi nyumbani siku ileile. Baba yako, niliyemwogopa bure kwamba atanuna akisikia nimepimwa, alinipikia uji. Ulikuwa na mabonge, nikaunywa wote.

Miaka miwili baadaye nikakuzaa wewe.

Sasa nimeiona barua yako ya zahanati juu ya friji, haijafunguliwa, na nilipokuuliza ukanijibu kwa Kiswidi kwamba huna nafasi. Mwanangu, mficha maradhi, kifo humuumbua. Kila zama na kitabu chake: waliyosema wazee kuhusu nani huugua na nani haugui yalikuwa ya zama zao, nawe una zama zako. Kutulia na mumeo ni jambo jema, ila si dawa. Stara ni nguo ya mwanamke, sikatai, lakini mbele ya mkunga nguo huvuliwa. Ifungue barua hiyo leo. Ukiona haya, nitakusindikiza, nami nitakaa pale nje mpaka utoke.

Mungu akupe afya, Zuhura wangu. Akupe na uzee mrefu, wenye maneno mengi, uwachoshe wanao kama ninavyokuchosha mimi.