Ndege Mweupe wa Shosho

Jumapili iliyopita nilimpeleka binti yangu kwenye ile bustani kubwa ya mjini. Bwawa bado liko, boti hazipo. Nikasimama ukingoni kwenye baridi ya Julai, nikijikuta natafuta ndege mweupe kwenye miti. Ngoja nikueleze ni ndege gani.

Nililelewa Kangemi na shosho, mama yake mama, aliyeuza sukuma wiki sokoni. Shosho aliogopa maji kuliko nyoka. Kaka yake alizama mtoni wakiwa wadogo, na tangu siku hiyo hakuruka hata mtaro bila kumtaja Mungu. Lakini wenzangu shuleni walijisifu kwamba wamepanda boti, nami nikalia wiki nzima mpaka akachoka. "Haya basi, wacha kelele! Tutaenda." Na kwa shosho, ahadi ilikuwa deni.

Akavaa kitambaa cha kanisani, akabeba nduma za kuchemsha na chai kwenye thamosi. Kufika kwenye boti, akavua viatu.

"Siwezi kuingia kwa mtu na matope ya Kangemi," akasema.

Mpiga makasia akacheka. "Shosho, hii ni boti tu!"

Wapi! Akaketi miguu mitupu, akanishika mkono mpaka ukaniuma, akafumba macho.

"Niambie unaona nini," akaninong'oneza. "Usinyamaze."

Nikamwambia. Ukungu juu ya maji. Maharusi wanapigwa picha. Mtoto ameangusha mahindi choma na analia. Vya kusema vikaniishia, na mkono wake bado umenibana. Hapo nikaona juala jeupe, mfuko wa plastiki, limenaswa kwenye tawi, likipepea.

"Kuna ndege, shosho. Mweupe pe! Anakupungia bawa."

Mkono ukalegea. Jamani, akatabasamu, macho yamefumbwa vilevile.

Miaka mingi baadaye aliwasimulia wateja wake habari za ndege yule. "Nilimwona kwa macho yangu haya mawili!" Mimi nilikuwa kando, nafunga sukuma. Tulimzika sijamwambia, na hilo hunichoma hadi leo.

Siku hizi majuala yamepigwa marufuku, matawi ni safi. Ni vizuri, najua. Lakini Jumapili nilitamani nione moja tu.

Binti yangu akanivuta koti. "Mama, unatafuta nini?"

Nikamshika mkono, nikafumba macho.

"Niambie wewe unaona nini," nikasema. "Usinyamaze."