Kizunguzungu Hana Macho

Ami Sheikhan alikereza miguu ya vitanda Mji wa Kale miaka arobaini, na katika miaka hiyo hakuwahi kuchonga jicho. Maua, nyota, sawa. Chenye uhai, hata kuku, alikataa. "Siku ya Kiyama ntaambiwa nikitie roho, nami roho sina ya kutia," akisema, na mteja mbishi alionyeshwa mlango.

Mimi, Mwanabaraka, nilitazamana naye mlango kwa mlango, na macho hayana pazia. Simu ya kichochoroni ilikuwa kwangu, kwa hivyo nilijua alivyoisubiri. Mwanawe Ubaid, aliyehamia Dubai, alipiga Idi kwa Idi, salamu mbili tatu, basi. Mjukuu hakupewa simu hata mara moja.

Agosti 2001 Ubaid akamleta huyo mjukuu, Shifa, msichana wa miaka kumi, akae wiki tatu. Mtoto akaja na gemu ya mkononi, ya kukamata vinyama na kuvipiganisha. Akambusu babu mkono, akainamia kioo chake. Siku kumi zikapita hivyo. Ami alileta mahamri, viazi vya karai, kashata. Mtoto alikula bila kuangalia anachokula.

"Mwanabaraka, mtoto huyu atarudi hajui sura yangu," akaniambia.

Nilimhurumia, lakini huruma yangu huja na makali. "Basi kaa naye, Ami, uangalie anachokiangalia!"

Akakaa. Kiooni kulikuwa na kinyama kifupi, mshipi wa karate kiunoni, pembe moja utosini. Kikichokozwa hupinduka kichwa chini, kikazunguka kwa ile pembe, miguu mitatu ikirusha mateke. Jina lake la kigeni lilitushinda, tukakiita Kizunguzungu.

"Hii ni pia," Ami akasema. "Pia yenye miguu."

Shifa akainua uso. "Pia ni nini, babu?"

Mjukuu wa mkereza hajui pia, kichezeo cha kuzungushwa kwa kamba! Ami aliinuka. Alikwenda karakanani, akachukua kipande cha mpera, na kufikia alasiri Kizunguzungu kilikuwa tayari: tumbo la mviringo, mshipi umechorwa kwa patasi, miguu mitatu juu, msumari mahali pa pembe. Kazi safi, hata mimi nilisifu, na mimi si mwepesi wa kusifu.

Shifa akakigeuzageuza. "Hana macho."

"Mato sichongi, mwanangu."

"Sasa atapigana vipi, na haoni?" Akakiweka barazani, akarudi kwenye gemu yake. Ami akashuka ngazi polepole, na uso wake sikuweza kuutazama.

Kesho yake nilitafuta wanja wangu nisiuone. Nilipotoka, Kizunguzungu kilikuwa barazani na macho mawili meusi, mazuri ajabu, na Ami amesimama mbele yake, Shifa kando na vidole vyeusi kwa wanja. Nilijua atayafuta, na mtoto tutampoteza palepale.

Akaiokota. Akaizungushia kamba, akaitupa sakafuni. Pia ikasimama kwa pembe, ikavuma, na macho yakayeyuka yakawa mstari mmoja.

"Ya wapi mato?"

Shifa akapiga magoti kutafuta. "Hayaonekani!"

"Basi hana."

"Na akianguka?"

"Usimwache akaanguka, mama."

Kama hiyo ni fatwa, waulizwe wenye elimu, mimi simo. Siku kumi zilizobaki kichochoro kizima kilivuma, na ile gemu ikaisha betri bila mtu kuuliza. Mtoto akaondoka na pia yake, na wanja wangu.

Ijumaa ya kwanza simu ikalia, na haikuwa Idi. "Bibi, niitie babu."

Ami akavuka na kiatu kimoja. Alisikiliza, kisha akanitegea mkono wa simu sikioni. Huko Dubai, juu ya vigae, kitu kilikuwa kikivuma.

"Hajaanguka, babu!"

Ami akaurudisha sikioni mwake, akasikiliza mpaka mvumo ukafa.

"Mzungushe tena," akasema.