Fyuzi ya Kijani

Mafundi wa mtaa wa Buyenzi hawaweki akiba ya vipuri. Fundi akishagundua kilichokufa ndani ya gari, hukichomoa, humwekea mteja kiganjani na kumwambia: "Nenda ulete kama hii." Mteja hutembea kutoka duka hadi duka akiwa na kipuri kibovu mkononi. Ndivyo fyuzi nyingi zilizoungua zilivyokuwa zikimfikia Assia, mwenye duka la vifaa vya umeme wa magari, ambaye kwa miaka kumi na saba amekuwa akizipokea, akiziinua kwenye mwanga na kutazama kama ule uzi mwembamba wa ndani umekatika.

Duka ni la urithi. Baba yake alimwachia yeye badala ya mdogo wake wa kiume, Thabit, kwa kuwa, alisema mzee, Thabit angegawia marafiki bidhaa zote kabla ya Ijumaa. Thabit alipenda kuwasimulia watu maneno hayo, akicheka kuliko wote.

Fyuzi zilikaa katika makopo manne ya maziwa ya unga. Nyekundu ni za amperi kumi, za buluu kumi na tano, za njano ishirini, za kijani thelathini. Zote zina umbo moja na miguu miwili, na yoyote huingia katika tundu la nyingine bila kulalamika. Hapo ndipo watu hukosea. Hudhani kubwa ni bora, kama betri au tairi. Assia alikuwa na maelezo yake, na aliyarudia kwa yeyote aliyetaka ya kijani mahali pa buluu.

"Waya wa mahali pale unabeba kumi na tano," alisema. "Fyuzi inakatika ili waya usiungue. Ukiweka ya thelathini, waya utaungua na fyuzi itakaa palepale inaangalia."

"Lakini ya kwanza imeungua, mama."

"Basi gari inakuambia kitu. Uliza ni nini. Usiifunge mdomo."

Wengine walinuna wakaenda kwa jirani. Assia aliwaacha waende.

Mwaka ule esanse, mafuta ya petroli, ilikuwa haipatikani na vipuri havikuwa vikiingia vizuri, maana fedha za kigeni za kuviagizia zilikuwa adimu. Kopo la buluu lilibaki tupu tangu Februari. Madereva wengi walianza kuziba tundu la fyuzi kwa uzi wa shaba uliochunwa kutoka kwenye waya wa zamani. Sylvère, fundi aliyeishi mtaa wa Jabe na kufanya kazi chini ya turubai hatua thelathini kutoka kwa Assia, naye aliwahi kuwafanyia hivyo wateja wawili watatu, na hakuficha.

Thabit alikuwa na gari dogo la teksi, na mwezi wa Aprili alikuwa akilala ndani yake kwenye foleni ya kituo cha mafuta. Mtu asiyeweza kukaa bure, alitafuta kazi humo humo foleni. Alichomeka kwenye tundu la kuwashia sigara kisanduku kinachogeuza umeme wa betri kuwa umeme wa nyumbani, akawa anawachajia watu simu, kumi, kumi na tano, na spika moja ya muziki ili foleni isiwe matanga. Fyuzi ya tundu lile, ya buluu, ikaanza kukatika. Sylvère alimtolea iliyokufa na kumwambia alete ya kumi na tano, na apunguze simu.

Alifika dukani saa nne asubuhi, akiwa ameshika fyuzi kama mtu aliyeshika jino lililong'oka.

"Dada, mugonjwa wako huyu."

"Buluu zimeisha."

"Zimeisha kwa watu ama zimeisha kwa ndugu?"

"Kwa wote. Hii ya ngapi?"

"Ya tatu wiki hii, na akiba yangu imeisha." Akaegemea meza. "Nipe ile ya kijani."

"Apana."

"We Assia! Watu wana simu kwangu. Kuna mama anangojea simu ya mutoto wake yuko Gatumba. Nimwambie nini, dada yangu anasoma hadithi ya waya?"

"Mwambie hivyo."

"Siku moja tu. Kesho utanipatia buluu. Wallahi kesho naitoa."

Asubuhi ileile Assia alikuwa amemkatalia dereva wa basi kitu hichohicho, na dereva yule aliondoka akitukana. Alimtazama mdogo wake, ndevu za siku nne, shati lililonuka gari. Akatia mkono katika kopo la kijani.

"Beba. Na uoge, unanuka."

"Bei gani?"

"Toka hapa."

Kuweka fyuzi hakuhitaji fundi. Thabit aliisukuma mwenyewe chini ya usukani, na kuanzia hapo haikukatika tena. Simu zilifika ishirini.

Siku ya pili, baada ya swala ya adhuhuri, moshi ulitoka nyuma ya dashibodi. Waya mwembamba ulikuwa umebeba kwa saa nyingi umeme ambao haukutengenezewa, hadi ganda lake likayeyuka. Waliokuwa kwenye foleni wanasema Thabit alitoka salama. Alisimama barabarani, akapiga kelele watu wasogee kwa sababu nyuma ya kiti palikuwa na bidoni, dumu zima la esanse. Kisha akarudi. Alitoa mafungu mawili ya simu, akazimwaga chini, na akaingia mara ya tatu, moto ukamkuta ndani.

Alikufa hospitalini siku ya tatu. Alikuwa na miaka thelathini na mitatu. Siku hizo tatu mama yao, Bi Ghanima, aliiosha mikono yake kwa dua tu, kwa sababu mikono yenyewe ilikuwa imefungwa bandeji na haikuruhusiwa kuguswa.

Katika gari hapakubaki kitu cha kusoma. Kisanduku cha fyuzi kilikuwa bonge moja jeusi. Lakini kabla ya juma kuisha Buyenzi ilikuwa na jibu: Sylvère aliweka waya wa shaba. Si alishawahi? Si ndiye aliyelishika gari mwisho? Wateja wakapita mbele ya turubai lake bila kugeuza shingo. Mtu akapindua meza yake ya vifaa. Fundi alipokuja kutoa pole, Bi Ghanima alimwambia akiwa ndani, mlango ukiwa wazi:

"Mutu aliyemuua mutoto wangu asiniletee pole. Aende akale ugali wake Jabe."

Sylvère alirudi kwenye turubai lake. Siku iliyofuata alikwenda dukani kwa Assia, akangoja mteja mmoja amalize.

"Dada Assia, pole tena."

"Asante."

"Nakuuliza kitu kimoja, nitaenda. Siku ile, buluu zilikuwako?"

Assia alikuwa akipanga balbu. Aliendelea kuzipanga.

"Zilikuwako," alisema.

Sylvère alitazama kopo tupu, ambalo lilikuwa mbele ya macho yao wote wawili. "Basi," akasema, akaondoka.

Kuanzia siku hiyo Assia hakuweza kumeza kitu kizito. Bi Ghanima, aliyeishi naye tangu afiwe na mume, alimpikia uji na kumsifu mbele ya jirani: huyu ndiye aliyempenda mdogo wake. Zikapita wiki tano. Siku mbili kabla ya arobaini habari ikafika kwamba mwenye kiwanja amempa Sylvère hadi Jumamosi aondoe turubai. Hakutaka kivuli cha muuaji kwenye mali yake.

Hitima ya arobaini ilisomwa Alhamisi. Wanaume walikula uani, wanawake chumbani. Assia alingoja sahani zikusanywe, akaenda kupiga magoti mbele ya mama yake, na jirani mmoja akafikiri anataka kuombewa dua.

"Mama, Sylvère hakuweka waya. Thabit alikuja kwangu. Buluu hazikuwako. Nilimpa ya kijani, mi, kwa mkono wangu, na nilijua."



"Ulijua nini?" aliuliza Bi Ghanima.

"Nilijua inaweza kuunguza. Ninawaambia watu kila siku."

"Na yeye ulimwambia?"

"Nilimwambia aoge."

Mama alitazama mikono ya binti yake. Kisha akamwita mjukuu wa jirani amlete Sylvère, hata kama amelala, hata kama anakataa. Fundi alikuja akiwa na mafuta ya gari kwenye kucha. Bi Ghanima alisimama, jambo ambalo magoti yake hayakumruhusu mara nyingi, akamwomba msamaha mbele ya wote, akampakulia wali mwenyewe na kuketi karibu naye hadi alipomaliza.

Mlangoni, Assia alimfuata. "Ulijua?"

"Kila mutu hapa anajua Thabit ananunua kwako tu," alisema Sylvère. "Nilikuwa nangoja we useme. Ulichelewa kidogo." Hakusema kwa hasira. Turubai lake lilibaki. Wateja wanne walirudi, wengine hawajarudi.

Jumapili Bi Ghanima alifunga nguo zake katika khanga mbili, akapanda basi la Rumonge, kwa dada yake. Alisema anahitaji hewa ya huko. Hakumkaripia Assia wala hakumlaani, na alipoondoka alimwachia sufuria la uji likiwa bado la moto.

Assia angali anafungua duka. Humpigia mama yake kila siku, na kila mara simu hupokelewa na mama mdogo, ambaye ni mwanamke mpole asiyejua kusema uongo vizuri. Alfajiri humwambia mama anaswali. Saa nne humwambia mama anaswali. Saa nane, saa kumi, mama anaswali.