Mjane wa Filamu ya Kimarathi

Wakati wa vita vya pili vya Kongo, ukumbi wetu wa video pale Butembo ulikuwa chumba cha mbao chenye mabenchi ya kanisa, televisheni moja, na jenereta lililokohoa kuliko watazamaji. Ulikuwa mali ya mume wa mama yangu mdogo, hadi alipouawa kwenye barabara ya Beni akiwa juu ya lori la maharagwe. Familia ya marehemu haikuhangaika kujua ukumbi utakuwa wa nani. Matanga yakiisha, mjane ananyolewa kichwa na mama mkwe wake, kisha anakabidhiwa shemeji. Jenereta na watoto wawili wanafuata nyuma kama mizigo.

Shemeji huyo alikuwa shemasi katika kanisa letu la Kiprotestanti, na tayari alikuwa na mke. Hakuiita ndoa ya pili. Aliiita kulinda nyumba ya ndugu. Mama mdogo hakumtaka, na alimwambia hivyo mbele ya watu. Wakamjibu kwamba ni huzuni ndiyo inayosema, itapita.

Kwa kuwa huzuni haijazi sufuria, aliendelea na kazi. Kazi yake ilikuwa kufasiri. Alisimama kando ya televisheni na fimbo mkononi, akawaambia watu wanachosema Wachina na Wahindi wa kwenye filamu. Hakujua Kichina wala Kihindi, na kila mtu alijua kwamba hajui. Watu walimsamehe uongo wote, ila wangemrushia maganda ya karanga kama angekaa kimya.

Katika miezi ile ya matanga, Mhindi mmoja aliyekuwa akiuza vipuri vya pikipiki Beni alichoka na vita, akafunga duka ahamie Kampala. Alikuwa rafiki wa marehemu, kwa hiyo alituachia katoni la kaseti. Tulikwenda kulichukua, mimi na mama mdogo, nami nikiwa msichana niliyemaliza shule bila kujua kinachofuata.

"Hii hapana Kihindi," alituonya. "Iko Kimarathi, luga ya mama yangu. Hapana danse, hapana bunduki. Iko batu banagombana na bazee na bapadri ya kwao."

"Batu batarudishiwa makuta," mama mdogo akasema, akiwaza pesa za kiingilio.

"Ndiyo," Mhindi akakubali, bila kinyongo.

Lakini huku vijana wakipakia vyuma vyake, alimsimulia kila filamu tangu mwanzo hadi mwisho, na mama mdogo akasikiliza kama mtu anayepewa dawa na kuelezwa namna ya kuinywa. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba watu wa sinema wa Kimarathi wamekuwa wakigombana na desturi za kwao tangu zamani. Hilo halikunishangaza. Kilichonishangaza ni kwamba baada ya hapo bado wanakaribishwa kula nyumbani.

Filamu ya kwanza ilimhusu mtu mtakatifu aliyeponya wagonjwa kwa majivu, na wagonjwa wakafa. Siku tuliyoionyesha ukumbi ulijaa Maï-Maï, wapiganaji vijana walioteremka kutoka milimani na majani yamefungwa mikononi, ambao risasi ikiwagusa inageuka maji. Walicheka hadi benchi moja likavunjika.

"Bale batu banakosa akili!" mmoja akasema. "Majivu itaponyesha mutu namna gani?"

Kisha akaomba kwa heshima mfasiri atoke nje, kwa sababu mwanamke akipita mbele yake dawa yake ya risasi inaharibika. Mama mdogo akafasiri sehemu iliyobaki akiwa uani, kupitia dirishani, mvua ikimnyeshea.

Siku ya kunyolewa ikafika. Walikuja mchana, shemasi mbele, mama yake nyuma na wembe mpya umefungwa kwenye pindo la kitenge. Shemasi alitaka kwanza kuona kama jenereta linafanya kazi. Akaketi benchi la mbele.

"Tia filme, shemeji. Tuone."

Mama mdogo akachagua kaseti. Nilijua ni ipi, nikaogopa, maana mtu anayekagua jenereta siku ya kumaliza matanga haoni haya kukasirika.

Kwenye televisheni, mjane kijana aliketishwa uani. Walimvunjia bangili. Kinyozi akaja, na nywele zikaanguka fungu kwa fungu, huku wanaume wa nyumba wakimweleza kwamba Mungu anapenda hivyo. Kaka wa mumewe aliyekufa alisimama pembeni akitazama shamba. Siku hiyo mama mdogo hakubuni neno hata moja. Alifasiri polepole, kama anayesoma Biblia kanisani.

Shemasi aliumia kwelikweli. Machozi yalimlenga.

"Giza ya bapagani!" akasema. "Lakini hata huruma habana! Tubaombee."

Akasimama akaiombea India, ombi refu, na wote tukasema amina. Alipomaliza alifuta macho, akamgeukia mama yake.

"Donc, sasa wembe iko wapi?"

Nilimchukia, na mpaka leo sijaacha kabisa.

Mama yake hakufungua pindo la kitenge. Alikuwa bado anatazama televisheni.

"Rudisha pale kwa nywele," akaniambia.

Nikarudisha kaseti. Akatazama nywele zikianguka tena, kichwa kimeinama upande.

"Huyu anakata muzuri," akasema. "Mie banikataka na damu."

Nami nilikuwa nimemjua miaka yote hiyo bila kuwaza kwamba yeye pia aliwahi kuwa mjane kijana.

"Hapana ninanyoa mutu," akasema. "Twende kwetu."

"Mama, na desturi?" Shemasi sasa alikuwa na sauti ya mtoto. "Mie si mutu mubaya."

"Baba yako mudogo naye hakukuwaka mutu mubaya. Alinirithi, akabalisha ninyi bote. Mulimuita papa." Alijiinua kwa kushika bega la mama mdogo. "Mie, mupaka alikufa, sikumuitaka hata jina."

Shemasi alitoka akaenda kusimama kando ya jenereta, akaliangalia kwa muda mrefu, kisha akaondoka kwa miguu.

Jumamosi nilimsuka mama mdogo uani. Mama mkwe wake alikuja, akaketi karibu nasi bila kuamkia, akavua kilemba. Nywele zake zilikuwa nyeupe, tena chache. Akauliza kama zinatosha kusukwa.