Nani Alilala Nyumbani

Mume wangu alipofariki nilikaa eda hapa Ibra, Omani, sikutoka hata kwenda soko la wanawake la Jumatano. Nilisali, nilikula nilicholetewa, nililala. Alhamdulillahi, sikusikia maumivu makubwa. Wala kitu kingine sikukisikia.

Aliyenitazama ni mtumishi wetu, mwanamke wa Gambia, aliyejifunza Kiswahili jikoni kwetu. Kila siku baada ya alasiri humpigia mamake simu, akaiweka sauti wazi, huku anachambua mchele. Kimandinka sikijui, lakini maamkizi yao nilikwisha kuyazoea. Huuliza mtu mmoja mmoja. Ami yuko wapi? Yupo. Wake zake? Wapo. Watoto wao? Wapo. Huchukua muda, maana ua mmoja kwao una watu kama mtaa mzima.

"Mnahesabiana kama mbuzi," nilimwambia siku moja.

"Nyinyi je, Mama? Habari za nyumbani, nzuri, basi. Kumbe mtu kafa!"

Akacheka. Na mimi nikacheka kidogo, kwa adabu.

Kwa simu hizo nikaijua nchi yake. Ndogo, nyembamba, imelala kandokando ya mto mmoja. Wamandinka, Wafula, Wawolofu na Wajola wanaoana, na karibu wote ni Waislamu. Watoto ni wengi, mashaallah, ukipiga hodi popote wanatoka wao kwanza. Lakini katika kijiji chao vijana wa kiume wamepungua. Wamekwenda kuitafuta Ulaya, kwa jangwa kisha kwa bahari. Mwana wa kwanza wa mtumishi wetu alikuwa mmoja wao. Tangu Ramadhani hakupiga simu.

Siku moja mamake hakungoja kuulizwa. Alizungumza peke yake, muda mrefu. Simu ilipokatika, mtumishi akanieleza. Walikuja watu wa sensa. Kijana mwenye tableti akasimama mlangoni, akauliza nani alilala nyumbani usiku ule. Mamake akawataja wote, na yule mjukuu aliyeondoka akamtaja.

"Huyu yuko wapi?"

"Safarini."

"Basi simwandiki, bibi. Naandika waliolala hapa."

"Mwandike! Huko aliko hawamjui. Nani atamwandika?"

Hakumwandika.

Mtumishi alikwisha kusimulia, akaendelea na mchele, akitoa chuya moja moja. Nilijua kwamba imenipasa kumhurumia. Nikaitafuta huruma moyoni, sikuiona. Mungu anisamehe.

"Mama, wewe umesoma," akasema bila kuniangalia. "Nimwombee vipi? Dua ya walio hai au dua ya maiti?"

Nilisomeshwa mas-ala haya na marehemu baba, Unguja, nikiwa msichana. Nikamjibu kama nilivyofunzwa: aliyepotea ni hai mpaka ithibiti kufa kwake. Mwombee kama mtu hai.

"Mpaka lini?"

Muda upo. Vitabu vinautaja kwa miaka, na baada yake kadhi huhukumu, mtu akahesabiwa pamoja na waliokufa. Nimeuweka moyoni tangu utotoni. Sijapata kumficha elimu ya dini mtu aliyeniuliza, na vitabu vinakataza.

"Sijui, mwanangu," nikamwambia.

Akaweka ungo chini, akainua mikono. Akamwombea afya, riziki, na mke mwema. Nikaitikia amina kila mahali palipostahiki.